Kuoga Si Kuogelea

Nilitaka kuogelea. Si jambo kubwa. Wenzangu wa Kibiti walitaka cherehani, walitaka redio kaseti, walitaka mabati, na miaka ile ya soko huria maduka yalikuwa yamejaa vitu mpaka vinamwagikia barabarani, mwenye nacho anunue, asiye nacho atazame. Mimi nilitaka maji yanifike shingoni na miguu isiguse chini. Basi.

Mtu aliyezaliwa Kibiti hawezi kulielewa hili, na simlaumu. Maji yake tangu utotoni ni ya ndoo. Mimi nimezaliwa visiwani, kwenye mikoko, na nimejua kuogelea kabla sijajua kufunga kanga. Kwetu mtoto akianguka majini hakimbiliwi, anaulizwa anatafuta nini huko. Halafu nikaolewa na Mfaume, Mmatumbi wa milimani, karani wa mizani wa ushirika, akanileta Kibiti. Tangu hapo mimi na maji tumekuwa tukionana kwenye beseni.

"Si uende kwenu ukaogelee?" aliniuliza shoga yangu Zabibu, muuza vitumbua wa stendi.

Zabibu ni mtu mwema, lakini akili yake huisha pamoja na vitumbua. Mwanamke wa makamo akirudi visiwani peke yake na kifurushi mkononi, kabla hajashuka kwenye mtumbwi kisiwa kizima kinajua ameachwa, na jioni wanakuja kumpa pole. Na Mto Rufiji, tulio nao karibu, sikuthubutu kuufikiria. Rufiji una wenyewe, na wenyewe wana meno.

Sasa nieleze habari za mume wangu. Mfaume alipima korosho za watu miaka na miaka, na hakuna mkulima hata mmoja aliyewahi kusema Mfaume kamwibia. Kisha ushirika ukafa. Wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao, na mizani zao zilikuwa na tabia zao. Ghala likafungwa, Mfaume akaambiwa ahsante, akarudi nyumbani, akakaa barazani. Ndiyo kazi aliyobaki nayo, kukaa barazani na kutazama malori ya korosho za watu yanavyopita. Nilimpikia anavyovipenda, nikamtania, nikamnunia, nikampigia kelele. Akaniitikia "sawa" kwa yote manne. Nilikuwa namwonea huruma na nilikuwa nimemchoka, kwa wakati mmoja, na anayesema mambo hayo mawili hayakai pamoja hajawahi kuolewa.

Mchana mmoja wa kiangazi nikarudi kisimani, ndoo kichwani, jasho linanitiririka mgongoni. Nikaitua ndoo mbele yake kwa kishindo mpaka nusu ya maji ikamwagika.

"Baba Nasra," nikamwambia, "miye nitakufa sijaogelea tena."

Sikujua nimelitoa wapi. Nikasimama pale machozi yananilengalenga kama mtoto aliyenyimwa ubwabwa. Mfaume akanitazama. Akazima redio iliyokuwa miguuni pake.

"Kwetu kuna korongo," akasema.

Akanieleza. Ni korongo kavu, ng'ambo ya mto, kwenye milima ya kwao. Ukiliingia unakuta mchanga mtupu na mawe, kuta pande zote mbili, jua linakuchoma kutoka juu na mchanga unakuchoma kutoka chini, unasema hapa hata mjusi haponi. Lakini ukizidi kwenda ndani, kuta zinasogeleana, na kwenye kona ya mwisho kuna shimo la maji chini ya mwamba, marefu, baridi, masika yapo na kiangazi yapo.

"Mamba?"

"Mamba ataupandaje mwamba ule?"

"Basi twende."

"Twende wawili," akasema. "Tutembee, uogelee, tule, turudi."

Akainuka barazani. Nasema akainuka, maana mtu huyo alikuwa hainuki ila kwa sala na chakula. Jioni ile alikula huku anapanga. Tutavuka kwa kivuko cha asubuhi pale Ndundu. Tutabeba mikate ya kumimina, kwa sababu wali utachacha. Maji ya kunywa abebe yeye, chakula nibebe mimi, na kurudi tubadilishane kwa sababu chakula kitakuwa kimepungua na haki ni haki. Akawaza jua litakuwa upande gani tukiingia na upande gani tukitoka. Nilimwacha apange. Nilikuwa sijamsikia akisema maneno mengi hivyo tangu ghala lifungwe.

Kisha akasema miguu yetu imelala, lazima tuizoeze. Kila jioni akawa ananitoa tunatembea, kutoka kwetu mpaka mwisho wa mji, tunageuka, tunarudi. Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Kibiti mtu anakwenda sokoni, anakwenda msikitini, anakwenda msibani. Hakuna mtu anayekwenda tu.

"Mnakwenda wapi?" watu walituuliza.

"Hatuendi popote," Mfaume akawajibu.

Niliona wanavyotazamana. Mtu na mkewe, kazi hana, jioni wanatoka wawili, hawaendi popote, wanafika na kugeuka. Wakatikisa vichwa kwa masikitiko.

Na mume wangu, ambaye hajui kusema uongo, alipobanwa zaidi akawaeleza. "Tunazoeza miguu. Jumapili nampeleka Mama Nasra kwetu, korongoni, akaoge."

"Akaogelee," nikamsahihisha hapo hapo.

"Ndiyo. Akaoge."

Kwa Mfaume maji ni ya kunywa na ya kuoga. Hilo la tatu aliliona ni kazi ya samaki, wala halikuhitaji neno lake. Nilimsahihisha njia nzima. Akaitikia, na kwa mtu wa pili akarudia vile vile.

Fikiria mwenyewe. Mtu kapoteza kazi. Kanyamaza kimya barazani muda wote huo. Ghafla kachangamka. Anatoka na mkewe magharibi, hawaendi popote. Na sasa anasema alfajiri ya Jumapili anampeleka kwenye milima ya Wamatumbi, ndani ya korongo, akaoge. Hata ungekuwa wewe ungesema nini? Korongoni watu hawaogi. Korongoni watu wanaogeshwa. Na milima ile si ya mchezo, ndiyo iliyowapa babu zetu maji ya kugeuza risasi. Risasi hazikugeuka, lakini sifa ya maji imebaki palepale.

Zabibu alikuwa wa kwanza. Alikuja kwa mlango wa uani, kanga kaivuta mpaka puani, kana kwamba mji mzima haumjui kwa mwendo.

"Shoga, na miye nimo."

"Umo kwenye nini?"

"Na miye nina wangu."

"Wako nini, Zabibu?"

Akasogea sikioni. "Mkosi."

Nikamwambia hakuna mkosi, hakuna dawa, tunakwenda kuogelea, kule kwenye maji, kwa mikono na miguu, nikamwonyesha na mikono yenyewe. Akanitazama kwa heshima ambayo hajawahi kunipa tangu tujuane.

"Vizuri," akasema. "Sema hivyo hivyo, asije mtu akajua. Na mganga mwenyewe jina lake halitajwi, hilo nalijua."

"Hakuna mganga!"

"Si ndivyo ninavyosema?"

Nilijaribu kila njia. Nikikataa kwa upole, wanasema anatuficha. Nikikataa kwa ukali, wanasema kakatazwa. Nikinyamaza, wanasema mnaona, kanyamaza. Kinyozi akaja, mama muuza samaki akaja, mafundi baiskeli wawili wakaja wakiwa wamevaa mashati yao ya Idi. Mwisho akaja Ashrafu, kijana mnunuzi wa ufuta aliyetajirika juzi tu na ana lori lake mwenyewe. Akavua kofia.

"Shikamoo, mzee. Nimesikia safari. Gari lipo, mafuta juu yangu, mnasumbukia basi kwa nini? Mimi naomba nafasi tu, mimi na gari lenyewe."

"Gari lenyewe?" akauliza Mfaume.

"Nalo lioge. Tangu mwezi wa nne linaharibikia Mwaseni tu. Hata matairi yakioga, yatosha."

Walipoondoka nikamgeukia mume wangu. "Unaona ulichokifanya? Wanadhani tunakwenda kwa mganga!"

"Waache," akasema. Alikuwa amefurahi, na mtu aliyefurahi hasikii vizuri. "Wakifika wakaona ni maji tu, watakaa kivulini wale. Wewe utaogelea. Na lori si bora kuliko basi?"

"Nilitaka watu wawili, Baba Nasra."

"Sawa," akasema, ila hiyo sawa haikuwa ile ya barazani. Alishaanza kupanga lori.

Ijumaa, baada ya sala, Maalim Abdulhalim wa madrasa akasimama mlangoni kwetu, fimbo mkononi.

"Nasikia mnakwenda kwenye shirki."

"Tunakwenda kuogelea, Maalim."

"Ndivyo wanavyosema wote. Nitakuja mwenyewe nihakikishe."

Jumapili alfajiri, lori lilipopita kutuchukua, Maalim alikuwa ameshakaa kiti cha mbele. Ana taulo shingoni.

Na hapo nikafanya kosa la mwisho. Nilitoka nimejifunga kaniki. Kwetu visiwani mwanamke anaogelea na kaniki, kwa sababu ni nyeusi, ikilowa haionyeshi kitu. Ni nguo ya adabu. Lakini bara ya Kibiti kaniki inavaliwa na mtu mwenye shughuli za mizimu. Watu waliojaa lorini waliponiona nimeibuka gizani na kaniki yangu, wakanipisha nafasi kubwa ya kukaa, nikaketi peke yangu kama jeneza. Kila mmoja alikuwa na dumu tupu la kurudia na maji.

Tulivuka Ndundu jua limetoka. Mvukaji mmoja akatuuliza tunakwenda kwenye harusi ya nani. "Matembezini," akajibu Zabibu, kwa sauti ambayo yule bwana hakuthubutu kuuliza la pili.

Barabara ilipokwisha tukaliacha lori kwenye vibanda vya mwisho, tukaanza kutembea. Mfaume mbele, anaonyesha njia, shati limemshika mgongo kwa jasho na yeye anapiga mluzi. Korongo lilikuwa vile vile alivyosema, ila jua lilikuwa zaidi. Mchanga unameza mguu mpaka kifundoni. Mawe yamepasuka kwa joto. Hakuna ndege, hakuna jani. Nyuma yangu nikasikia mtu anatweta, nikageuka, ni Zabibu, kavaa viatu vya mchuchumio na gauni la harusi.

"Ndiyo nguo gani hizo?"

"Si mlisema tunakwenda kutembea?" akalia. "Mtu akienda kutembea kwa watu si anavaa? Nani kasema ni kutembea kwa miguu!"

Nyuma yake alikuwa Ashrafu, anasukuma tairi. Lori halikuweza kuingia korongoni, kwa hiyo alilifungua tairi la akiba liwawakilishe wenzake. Likizama mchangani anapiga magoti, analivuta, analisukuma tena. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya jiwe. Na nilipokuwa nacheka, upepo mdogo ukatoka ndani ya korongo, wa baridi, una harufu ya maji. Kicheko kikanikatika. Nikawapita wote, nikampita na Mfaume, nikawa nakimbia.

Maji yalikuwepo. Kijani, kimya, kuta za mwamba zimeyazunguka, na upande wa mbali mwamba umeyafunika kama paa la baraza. Nilivua ndara. Wenzangu walikuwa wamefika nyuma yangu, wamesimama mstari, hakuna anayekohoa. Sikuwajali. Nikapanda jiwe, nikajirusha kichwa mbele.

Baridi ilinishika moyo. Nikaenda chini, nikafungua macho, nikaona miguu yangu inavyopiga yenyewe bila kuambiwa, nikaendelea chini mpaka nikagusa mchanga wa chini kabisa, nikakaa huko kidogo kusalimiana nao. Kwetu hiyo ni pumzi ya mtoto. Lakini nilipoibuka niliwakuta wanawake wanapiga mayowe, kinyozi kakaa chini, na Maalim anasoma kwa sauti.

"Mzimu ulimchukua!" akasema Ashrafu. "Umemrudisha!"

"Nilikuwa nazamia!" nikapiga kelele. "Nyinyi hamjaona mtu anazamia?"

Kabla sijamaliza, Zabibu akaingia majini. Na gauni la harusi, na kila kitu. Akaja mpaka maji yakamfika kifuani, anatetemeka meno yanagongana, maana yule mtu maji mengi kuliko ndoo hakuwahi kuyaingia. Akanishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia.

"Mabasi hayasimami tena, shoga," akaninong'oneza sikioni, haraka haraka. "Mabasi mapya haya yanapita moja kwa moja. Vitumbua nakula mwenyewe. Niogeshe."

Nilitaka kumwambia mabasi hayasimami kwa sababu madereva wake wana haraka ya kuwahi abiria wa Ikwiriri, wala si mkosi. Nilikuwa na maneno mengine makali zaidi, yamekaa tayari ulimini. Lakini alikuwa amefumba macho, ameniachia kichwa chake kama mtoto mchanga. Nikasema bismillahi, nikamzamisha, nikamwibua. Akafungua macho. Akacheka, akalia, akatoka anaelea kwa gauni.

"Bismillahi na maji," nikamsikia Maalim ukingoni anasema. "Hapo sijaona shirki."

Basi kwisha kazi. Wakaja wote. Na kila aliyekuja alininong'oneza kwanza, maana walidhani lazima nijue ninachokitoa. Mama muuza samaki, mwanawe alikwenda Dar es Salaam kuuza vitu mikononi, hajaleta hata salamu. Fundi baiskeli mmoja, ndugu yake kauza shamba la mikorosho la urithi bila kumwambia. Kinyozi, mkewe anamcheka. Nilikuwa nimejiandaa kuwacheka na mimi, nikashindwa. Nikawazamisha mmoja mmoja.

Tairi la Ashrafu ndilo lililotushinda. Nikilizamisha linaibuka. Nikilikalia linanitupa. "Mkosi wake mgumu huo," wakasema ukingoni, na Ashrafu akatikisa kichwa kwamba alijua tangu mwanzo. Maalim alikuja wa mwisho, taulo kaliacha kwenye jiwe, akaniambia ni mgongo tu, na kwamba anaingia kwa nia ya tiba na si kwa nia nyingine yoyote, nishuhudie. Nikashuhudia.

Na ukingoni nani alikuwa anawapanga? Mume wangu. "Mmoja mmoja! Kina mama upande huu! Usisukume, bwana, kila mtu atapata! Anayefuata!" Ile sauti. Niliijua. Ndiyo sauti ya msimu wa korosho, foleni ya magunia mpaka barabarani na yeye kasimama kwenye mizani. Nilifurahi kuisikia, Mungu anajua. Na nilikuwa namkasirikia mpaka nasikia joto ndani ya maji baridi, kwa sababu kila akisema anayefuata, jua lilikuwa linapanda ukuta wa korongo, na mimi nimesimama palepale, miguu inagusa chini.

Jua likatoka majini kabisa. Ashrafu akatazama juu.

"Jamani, kivuko! Hakivushi usiku. Tukichelewa tutalala Ndundu na mbu."

Wakaanza kukusanya vitu. Madumu yakajazwa. Wakawa wananiita kwa adabu, mama njoo, mama tuondoke, Zabibu kaninyooshea kanga kavu. Nikawatazama. Wiki nzima nilikuwa nasubiri, na nilichopata ni mruko mmoja. Kibiti tungerudi usiku, asubuhi ningechukua ndoo. Hakuna lori lingine ambalo lingekuja kunileta huku tena. Nilijua hivyo kama ninavyolijua jina langu.

Mfaume akasogea ukingoni kunipa mkono.

"Sijaogelea," nikamwambia, polepole, yeye tu asikie. Mkono wake sikuushika. "Sitoki."

Akanitazama. Akatazama foleni yake iliyokwisha, watu wake wamelowa, wamebeba madumu, wamefurahi. Akanitazama tena. Nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyekuta amesoma mizani vibaya tangu asubuhi. Akawageukia.

"Hatuondoki," akasema.

"Kwa nini, mzee?" akauliza Ashrafu.

"Kwani mikosi yenu imekwenda wapi?"

Wakageuka kuyatazama maji.

"Imebaki kwake," akasema Mfaume. Yule mtu asiyejua uongo, aliyepima korosho za wilaya bila kuongeza wala kupunguza, alisimama pale akayanyoosha maneno bila kupepesa jicho. "Mama Nasra amebeba mikosi ya lori zima. Asipoitoa yote humu humu, tunarudi nayo garini."

Ashrafu akalitua tairi. Kinyozi akakaa. Wote wakakaa.

"Hilo lina mantiki," akasema Maalim.

"Inachukua muda gani?" Zabibu akauliza, kwa woga.

"Muda anaoutaka mwenyewe. Na asitazamwe. Geukeni ukutani."

Wakageuka. Kibiti nzima, watu ambao huwezi kupika mchuzi wasijue umetia nini, waliketi kwenye mchanga wakanipa migongo.

Nikaogelea.

Nilikwenda mpaka chini ya paa la mwamba, nikageuka, nikarudi. Nikalala chali. Nikaogelea kwa ubavu kama alivyonifundisha mama yangu, mkono mmoja unatangulia, mwingine unasukuma. Nikazama, nikaibuka, nikazama tena. Nikalia pia, humo ndani ambamo machozi hayana pa kuonekana, nikalilia miaka, na mama, na maji ya chumvi, kisha nikaacha kulia kwa sababu nilikuwa nataka kuogelea. Mbingu ilikuwa kipande chembamba juu kati ya kuta. Hakuna aliyeniita.

Nilipopumzika nimeshika jiwe, nikasikia maji yanatibuka nyuma yangu. Mfaume alikuwa ameingia. Suruali ya kazini, shati limefungwa vifungo vyote, maji kifuani, mikono ameinyanyua juu kama aliyekamatwa. Mtu wa milimani. Aliogopa mpaka midomo imebadilika rangi.

"Wewe unatafuta nini huku?" nikamuuliza.

"Niogeshe na mimi."

"Mfaume. Wewe unajua hakuna dawa."

"Najua."

"Uongo wote ule umeutunga mwenyewe, sasa hivi."

"Najua, Mwanaharusi." Hakuwa ameniita kwa jina langu tangu tumzae Nasra. Alikuwa anatazama maji, si mimi. "Tangu walipofunga lile ghala najiona mchafu. Kama mtu aliyeiba. Sikuiba, nawe unajua sikuiba. Lakini nakaa pale barazani, watu wanapita, najiona mchafu. Niogeshe hivyo hivyo."

Nilikuwa na utani tayari. Nikaumeza. Nikamwendea, nikaweka mkono mmoja chini ya kisogo chake na mmoja chini ya mgongo, nikamwambia ainue miguu. Akakataa. Nikamwambia tena. Akanishika kaniki kwa mikono miwili, akafumba macho, akainua, na nikamlaza juu ya maji, mzito, anatetemeka, mpaka pumzi yake ikaanza kutulia kifuani.

Ukingoni nikamsikia Zabibu, aliyekatazwa kutazama na kwa hiyo alikuwa anatazama, anawanong'oneza wenzake.

"Mkosi wenyewe ndio huo sasa," akasema. "Nyamazeni."

Wakanyamaza.